Kugeuza meli ya mizigo kuwa jukwaa la roketi: mwongozo wa vitendo kwa madumu manane na bwawa la samaki

Ukiufuata mwongozo huu hadi mwisho utakuwa na chombo cha madumu manane kinachoelea bwawani, kimebeba nguzo nzito ya mita moja na nusu bila kupinduka, na kinarusha roketi ya maji huku wewe umeshika kamba nchi kavu. Umeandikwa kwa klabu za sayansi za sekondari na vyuo vya ufundi vya Moshi na Arusha, ingawa mzazi mwenye watoto wadadisi na fundi seremala wa jirani anaweza pia.

Neno moja kwa walimu kabla hatujaanza. Wanafunzi wakisikia roketi, wote hukimbilia chupa na pampu. Wazuieni. Roketi ni kazi ya asubuhi moja. Chombo ndicho kitakachokula muda, na ndicho kilichokula fedha za kampuni kubwa kadhaa zilizojaribu kazi hii.

Kwa nini mtu ahangaike na bahari?

Kwa hesabu ya ramani peke yake, Moshi ni mahali pazuri mno pa kurushia roketi. Dunia inapojizungusha, mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa mita 465 kila sekunde, na roketi inaondoka na kasi hiyo bila kuilipia mafuta. Sisi tuko nyuzi 3 na theluthi hivi kusini, kwa hiyo tunapungukiwa chini ya mita moja katika hizo 465. Tatizo ni majirani. Roketi ya kupeleka satelaiti hudondosha vipande vyake vitupu njiani, na kutoka Moshi njia hiyo inapita juu ya Himo, Taveta na Voi hadi pwani ya Kenya. Hakuna mkuu wa wilaya atakayetia saini hapo.

Waitaliano walilimaliza jambo hili kwa kuweka majukwaa baharini kaskazini ya Malindi. Satelaiti ya kwanza iliondoka pale tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikarushwa nyingine ya Wamarekani ya kuchunguza eksirei za angani, nayo ikapewa jina Uhuru. Lakini majukwaa ya Malindi yana miguu iliyosimama kwenye sakafu ya bahari. Linaloelea lina shida zake, na ndizo tunazozitafuta.

Hatua ya 1: Chagueni meli, kwa karatasi

Kabla ya kugusa msumeno, kikundi kikae na karatasi kijibu swali moja: kama tungepewa fedha, tungenunua meli ya mizigo, tishali (chombo kipana na bapa cha kubebea mizigo), au jukwaa kuukuu la kuchimbia mafuta?

Meli ya mizigo huvutia kwa sababu ina injini yake na nafasi kubwa ndani. Angalieni umbo lake, hata hivyo. Meli iliyojengwa kupita kwenye milango ya zamani ya Mfereji wa Panama iliruhusiwa urefu wa hadi mita 294, lakini upana usiozidi mita 32 na kidogo. Ni ndefu na nyembamba, imeundwa kukata maji na kubeba mzigo chini tumboni. Roketi ni mzigo unaosimama wima juu ya sitaha. Ongezeni uzee: chuma kilicholiwa na kutu ambacho lazima kipimwe unene sehemu kwa sehemu, na asbesto, ambayo ilikuwa ya kawaida kwenye meli hadi ilipoanza kupigwa marufuku kwa meli mpya mwaka 2002.

Mwaka 2018 kampuni ya Blue Origin ilinunua Stena Freighter, meli kuukuu ya kubebea malori, ili roketi zake zitue juu yake. Ikaibadilisha jina kuwa Jacklyn, na mwaka 2022 ikaipeleka kukatwa vyuma chakavu bila roketi hata moja kuigusa. Jina likahamia kwenye tishali. SpaceX nayo ilinunua majukwaa mawili ya mafuta mwaka 2020 kwa dola milioni 3.5 kila moja, bei ya kutupa kwa vyombo vya aina ile, kisha ikayauza bila kurusha chochote. Kununua ni rahisi. Kugeuza ndiko kunakofilisi.

Aliyefanikiwa kwa muda mrefu ni Sea Launch, ushirika wa Wamarekani, Warusi, Waukraine na Wanorwe ulioanzishwa mwaka 1995. Walichukua Ocean Odyssey, jukwaa la mafuta lililoungua kwenye Bahari ya Kaskazini mwaka 1988 na kuua mtu mmoja, wakaligeuza huko Norwe. Lina urefu wa mita 133 na upana wa mita 67. Linganisheni na ile meli ya Panama. Kuanzia 1999 hadi 2014 lilirusha roketi 36 aina ya Zenit kutoka ikweta, katikati ya Bahari ya Pasifiki, na tatu tu ndizo zilizopotea kabisa.

Mimi ningechagua tishali. Wachina nao walianza na tishali, tarehe 5 Juni 2019 kwenye Bahari ya Njano. Ila kwa somo hili tutaanza na meli makusudi, ili tuione ikishindwa.

Hatua ya 2: Kusanyeni vifaa

Madumu manane ya mafuta ya kula, ya lita 20, yenye vifuniko vizima. Moshi utayapata soko la Mbuyuni, Arusha soko la Kilombero. Yajaribu kwa kuyazamisha kwenye beseni uone kama yanatoa mapovu. Mbao za mbili kwa mbili za kutosha fremu, nne kati yake ziwe za urefu wa mita 1.2. Kipande cha plaiwudi. Kamba ya manila, si misumari, kwa kufungia madumu. Bomba la PVC la inchi tatu, urefu mita moja na nusu, lenye vifuniko pande zote mbili: mkilijaza mchanga mkavu litakuwa kama kilo 10, na hiyo ndiyo roketi yetu ya bandia. Timazi ya fundi, au nati iliyofungwa uzi. Mizani ya duka la nafaka.

Vifaa vya roketi yenyewe nitavitaja mbele. Msivinunue bado, nimeshasema kwa nini.

Hatua ya 3: Jengeni meli nyembamba

Lazeni madumu mistari miwili iliyobanana, manne kila mstari. Mtapata umbo la kama mita 1.5 kwa nusu mita. Fungeni fremu ya mbao juu yake na mpigilie plaiwudi kuwa sitaha. Katikati wekeni kishikio cha kusimamishia lile bomba. Pimeni uzito wa chombo kizima bila bomba. Katika mfano wangu ni kilo 40, na sehemu kubwa ya uzito huo ni mbao zilizo juu.

Kiteremsheni majini. Kitaelea vizuri, kimezama sentimita tano au sita tu. Kisukumeni upande mmoja kwa mkono, kitarudi. Hapo wanafunzi huanza kupiga makofi.

Hatua ya 4: Simamisheni roketi ya bandia na muiachie

Mtu mmoja ashike bomba likiwa wima, kisha aondoe mkono taratibu. Chombo kitalala upande, na bomba litakwenda nacho. Lifungeni kamba mapema ili msiende kulitafuta kwenye tope.

Hatua ya 5: Hesabu

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Chombo hakisimami kwa sababu ni kizito chini tu, kama wengi tunavyodhani. Kinasimama kwa ugomvi wa nukta mbili. Ya kwanza ni kitovu cha uzito, tuite G. Ya pili ni metasenta, tuite M: chombo kinapoinama kidogo, ni nukta ambapo mstari wa msukumo wa maji kwenda juu hukata mstari wa katikati ya chombo. M ikiwa juu ya G, maji hukirudisha chombo. G ikiwa juu ya M, maji yaleyale hukimalizia kupinduka.

Kimo cha M kutoka chini ya chombo ni jumla ya vitu viwili: nusu ya kina kilichozama, pamoja na kile kinachopatikana kwa urefu × upana × upana × upana ÷ 12, kisha ugawe kwa ujazo wa maji yaliyosukumwa. Ona upana unavyozidishwa mara tatu. Kila kitu kiko hapo.

Meli yetu ikiwa na bomba ina kilo 50, maana yake inasukuma maji mita za ujazo 0.05. Urefu 1.5, upana 0.5. Sehemu ya pili inatoka 0.31, nusu ya kina ni 0.03. M iko kama sentimita 34 au 35 kutoka chini. Sasa G: chombo cha kilo 40 kitovu chake kiko kama sentimita 27, bomba la kilo 10 kitovu chake kiko sentimita 107. Zidisha, jumlisha, gawa kwa 50: sentimita 43. G iko juu ya M kwa sentimita 8 hivi. Kalamu ilikuwa inajua kabla ya bwawa.

Tumieni vipimo vyenu, si vyangu. Madumu hayafanani, na mbao mbichi ni nzito kuliko kavu.

Hatua ya 6: Jaribuni farumi, muone mwisho wake

Mwanafunzi mmoja lazima atasema, "Mwalimu, si tuweke mawe chini?" Ni swali zuri, na mabaharia wamejaza farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo, ngamani tangu enzi za majahazi. Gawanyeni kilo 20 za mchanga ndani ya madumu. Chombo kitazama zaidi, G itashuka hadi sentimita 32. Lakini M nayo itashuka hadi 27, kwa sababu ujazo tunaogawa kwao umeongezeka. Bado kinalala. Wekeni kilo 40, bado. Kwa umbo hili mngehitaji kama kilo 80 ili tu nukta mbili zilingane, na hapo chombo kimebaki na nafasi ndogo ya kubeba kitu kingine.

Msitumie maji badala ya mchanga bila kujaza dumu pomoni. Maji yaliyofika nusu hukimbilia upande ulioinama na kuongeza mwinamo. Ndiyo maana matangi ya meli hugawanywa vyumba vyumba, na fundi wa kugeuza meli huanza kwa kukagua kuta hizo.

Hatua ya 7: Panueni

Toeni mchanga. Fungueni mistari miwili ya madumu, itenganisheni hadi upana wa nje uwe mita 1.2, na iunganisheni kwa zile mbao nne zinazopita juu ya pengo. Madumu ni yaleyale manane, maji yanayosukumwa karibu ni yaleyale. Simamisheni bomba katikati. Achieni.

Halitikisiki. Hesabu itawaambia sababu: ile sehemu ya upana, hata ukitoa pengo la katikati, imekua zaidi ya mara kumi, na M sasa iko karibu mita tatu juu ya G. Wavuvi wa pwani waliijua siri hii kwa mikono yao walipoifunga ngalawa mirengu, zile mbao zinazoelea pembeni, na Ocean Odyssey imejengwa kwa kanuni hiyohiyo, maboya mawili marefu chini yaliyoachana na nguzo nene zinazobeba sitaha.

Kuna upande wa pili, na wanafunzi wa kidato cha tano wauone. Chombo kilichotanuka mno hurudi kwa ghafla. Leteni mawimbi kwa ubao na mtaona ncha ya bomba ikichapwa huku na huku. Roketi halisi ni bati jembamba lililojaa mafuta, haipendi kuchapwa. Kwa hiyo Sea Launch walipofika ikweta waliingiza maji ndani ya maboya hadi jukwaa likazama zaidi ya mita 20. Mwili mkubwa ukawa chini ya mawimbi, na nguzo tu ndizo zilizokata uso wa bahari. Jaribuni: jazeni maji kamili madumu mawili ya pembe zinazokabiliana, moja kila mstari, mpime kwa timazi jinsi mtikisiko unavyopungua.

Hatua ya 8: Kateni tundu

Katikati ya sitaha kateni tundu la upana wa kiganja. Kwetu litapitisha maji tu. Kwenye chombo halisi litapitisha moto, na sitaha ya meli ya mizigo haikujengwa kwa hilo. Moto lazima uelekezwe chini au pembeni kwa kizuizi maalumu, na kila bomba, waya na tangi lililo karibu lihamishwe au lifunikwe.

Wachina waliukwepa mtihani huu mwaka 2019. Roketi yao ya Long March 11 husukumwa na gesi kutoka kwenye kasha lake, kisha injini huwaka ikiwa tayari hewani. Tena hutumia mafuta makavu yaliyopakiwa kiwandani. Anayetumia oksijeni ya maji, kama Zenit, anabeba kitu chenye baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri, na chuma cha kawaida cha meli kikimwagikiwa nayo hupasuka kama kigae. Kama kazi yenu ingekuwa ya kweli, chaguo la mafuta ndilo lingeamua nusu ya bajeti ya ukarabati.

Hatua ya 9: Sasa roketi

Chupa iwe ya soda, lita moja na nusu. Chupa za maji ya kunywa ni laini, hazikuumbwa kuhimili shinikizo. Isiwe na mkwaruzo, wala isipigwe msasa au gundi ya moto. Mabawa matatu kateni kwenye kifuniko cha ndoo. Puani fungeni kipande cha godoro. Nasisitiza, si kitu kigumu.

Kirushio ni bomba la nusu inchi linaloingia kwenye shingo ya chupa. Nendeni dukani na chupa mkononi. Zungushieni bomba utepe wa mafundi bomba hadi chupa ikae kwa kubana bila kuvuja. Kufunga na kuachia: pangeni mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya kuzunguka bomba, vichwa vyake vikikamata ule ukingo wa shingo, kisha vitieni pete ya bomba pana inayovibana. Pete ikivutwa chini kwa kamba, vichwa vinafunguka na chupa inaondoka. Chini ya bomba wekeni valvu ya tairi, na kutoka hapo mpira wa upepo, ule wa kompresa za karakana, hadi nchi kavu.

Hatua ya 10: Mahali, ruhusa, nanga

Bwawa la samaki la mtu anayewafahamu linatosha. Ziwa Duluti liko ndani ya hifadhi ya msitu, halikubali shughuli bila kibali. Bwawa la Nyumba ya Mungu lina mamba, liacheni. Kaeni mbali na viwanja vya ndege, iwe Kisongo, KIA au kile cha Moshi mjini. Mkuu wa shule awe na barua ya mwenye bwawa. Kwa roketi za kweli barua hiyo ni nzito zaidi: mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaibebesha nchi inayohusika na urushaji mzigo wa kulipa hasara, hata kama jukwaa liko katikati ya bahari na linapeperusha bendera ya nchi nyingine, kama Ocean Odyssey ilivyopeperusha ya Liberia.

Tieni nanga tatu za mawe kwenye mifuko, kila moja upande wake. Nanga moja itakiacha chombo kikizunguka. Fanyeni asubuhi kabla upepo haujaamka.

Hatua ya 11: Ondoeni watu

Tarehe 30 Januari 2007 roketi ya Zenit ililipuka juu ya Ocean Odyssey sekunde chache baada ya injini kuwaka. Kizuizi cha moto kiling'oka kikaenda chini ya bahari. Hakuna aliyejeruhiwa, kwa sababu wafanyakazi wote walikuwa wamehamishiwa meli ya uongozi iliyokaa kilomita kadhaa kando. Jukwaa likatengenezwa, na Januari 2008 likarusha tena.

Kwenu kanuni ni hii: upepo ukishaanza kuingia kwenye chupa, hakuna mtu majini, hakuna mtu kwenye mtumbwi, na kila mtu yuko angalau mita 15 kutoka chomboni. Anayekwenda kuweka chupa avae jaketi la kuokolea hata kama anaogelea vizuri. Mtu mmoja tu ashike kamba, na mwingine ambaye kazi yake ni kusema "simama" apewe mamlaka ya kumzuia hata mwalimu.

Hatua ya 12: Rusheni na mpime

Maji nusu lita, yaani theluthi ya chupa. Pampu ya baiskeli yenye geji. Ishieni bar 4, msishindane. Subirini timazi itulie, hesabuni kwa sauti, vuteni.

Mmoja arekodi kwa simu akilenga chombo, si roketi. Video hiyo ndiyo yenye somo. Mtaona sitaha ikigandamizwa kidogo chupa inapofyatuka, kisha chombo kikainuka na kuyumba. Hesabuni sekunde za myumbo mmoja kamili. Kisha sogezeni mistari ya madumu karibu, upana mita moja, halafu sentimita 80, mrushe tena kila mara na bomba la mchanga likiwa limefungwa kando ya kirushio. Chora upana upande mmoja wa jedwali na sekunde za myumbo upande wa pili. Chupa ikionyesha weupe au mkunjo popote, itobolewe na kutupwa kabla ya mzunguko unaofuata.